Mariamu au Maria? Kumbe ni jina lile lile!

Karibu tena kwenye kijiwe chetu cha majina, mahali ambapo kila wiki tunalikamata jina moja, tunaligeuza huku na huku na kulihoji: wewe jina, umetoka wapi na una maana gani?

Wiki hii nilikuwa nimeshapanga kuchambua jina jingine kabisa. Lakini nimepata barua moja ambayo, kusema kweli, imenikosesha raha. Imetoka kwa kijana mmoja wa hapa hapa jijini. Jina lake na mtaa wake naviweka kapuni, maana ya ndani ya nyumba ni ya ndani ya nyumba.

Kijana huyu ni Mwislamu, kwao Tanga. Mkewe ni Mkatoliki, kwao Moshi. Walipendana, pande zote mbili zikaja juu, kukawa na vuta nikuvute ya mwaka mzima. Mwishowe wakaenda zao bomani wakafunga ndoa ya serikali, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyoruhusu. Wazee wakanuna, halafu wakanyamaza. Maisha yakaendelea.

Sasa wamejaaliwa binti. Alipokuwa akiandika barua ile, mtoto alikuwa na siku 11 na bado hana jina! Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa mtoto wa fulani, basi. Na sababu ni nini? Mama yake mume anataka mjukuu aitwe Mariamu, jina la marehemu mama yake. Mama yake mke naye anataka mjukuu aitwe Maria, ambalo ni jina lake mwenyewe. Huyu akasema Maria ni jina la kanisani, halikanyagi kwake. Yule akasema Mariamu ni jina la msikitini, hawezi kwenda nalo kwa watu wake. Siku ya saba ikapita bila shughuli. Siku ya tisa bibi wa Moshi akafunga mizigo yake, akapanda basi la asubuhi bila kuaga. Mzazi analia usiku kucha, na maziwa hayatoki vizuri.

Kijana anamaliza barua yake kwa kuniomba hivi: nimtajie jina la tatu, zuri, ambalo halina dini.

Ndugu yangu, jina la tatu sina. Ninalo hilo hilo la kwanza, kwa sababu wazee wako wanagombania kitu kimoja bila kujua. Kaa vizuri nikupe historia, na ukimaliza kusoma, gazeti hili lipeleke Tanga, halafu nakala nyingine itie kwenye basi la Moshi.

LILIKOTOKA

Jina hili ni la Kiebrania, na kwa Kiebrania hutamkwa Miryam. Mwanamke wa kwanza kujulikana kwa jina hilo ni dada yake Nabii Musa na Haruni. Huyu hakuwa mwanamke wa kukaa kimya pembeni. Biblia inamwita nabii, na inasimulia kuwa baada ya Waisraeli kuvuka bahari na kumkimbia Farao, yeye ndiye aliyeshika tari akawaongoza wanawake kuimba na kucheza. Baadaye alimsema Musa kwa sababu ya mke wake aliyekuwa Mkushi, akapigwa na ukoma, akawekwa nje ya kambi siku saba. Na watu wakamsubiri! Msafara haukuondoka hadi aliporudi. Kwa hiyo hata ugomvi wa mawifi juu ya mke wa kabila jingine haukuanzia Moshi wala Tanga.

Wagiriki walipolipokea jina hilo walikuwa wakisema Mariam, kisha wakaikata ile m ya mwisho ikawa Maria, maana iliwapa rahisi kulitumia katika lugha yao. Warumi wakalichukua kama lilivyo, na kutoka Roma likasambaa Ulaya nzima. Waarabu wao waliiacha m mahali pake, wakasema Maryam.

Sisi Waswahili tulilipokea mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja na majahazi kutoka Arabuni. Tukaliongeza u mwishoni, kwa sababu ulimi wetu haupendi neno liishie hewani. Ndivyo tulivyofanya kwa salaam ikawa salamu, na qalam ikawa kalamu. Maryam naye akawa Mariamu. Mara ya pili lilikuja na wamisionari wa Kikatoliki, wale walioweka makao yao Bagamoyo mwaka 1868. Hao walikuja na Maria, ile iliyokatwa m na Wagiriki.

Unaona mchezo wenyewe? Ni mtu mmoja aliyefika nyumbani kwa njia mbili. Mmoja kamfungulia mlango wa mbele, mwingine wa uani, halafu wanabishana kuwa wana wageni wawili.

MAANA YAKE

Hapa wataalamu wa majina hawajawahi kukubaliana. Wapo wanaosema maana yake ni uchungu, kwa sababu kwa Kiebrania neno mar ni chungu. Ndiyo maana katika kitabu cha Ruthu yule mama Naomi, baada ya kufiwa na mume na watoto wawili wa kiume, aliwaambia watu wasimwite tena Naomi bali Mara. Usishangae mtu kumpa mtoto jina la uchungu. Hapa kwetu kina Tabu, Shida na Masumbuko wamejaa tele, na wengi wao ni watu wa kucheka kutwa nzima.

Wengine wanasema maana yake ni uasi au ukaidi. Wengine wanasema ni mtoto aliyetamaniwa. Na lipo kundi linalosema tusihangaike na Kiebrania, jina hili ni la Kimisri. Familia ya Musa ilizaliwa Misri, na katika Kimisri cha kale lipo neno lenye konsonanti m na r ambalo maana yake ni kupenda. Kwa hesabu hiyo Mariamu ni mpendwa.

Kuna maana nyingine maarufu, nayo ni nyota ya bahari. Hii ina kisa chake. Inaaminika kuwa Jerome, yule mtaalamu wa Biblia aliyefariki mwaka 420, alilifasiri jina hilo kuwa tone la bahari, kwa Kilatini stilla maris. Waliokuja kunakili kwa mkono wakaandika e mahali pa i, ikawa stella maris. Tone likageuka nyota! Hakuna aliyelirudisha, kwa sababu nyota ilikuwa inapendeza zaidi, na mabaharia wakaipenda. Leo ukienda Mtwara utakikuta chuo kikuu kishiriki cha Kanisa Katoliki kinaitwa Stella Maris. Kosa la kalamu moja, na jina limedumu zaidi ya miaka 1,000.

KINA MARIA WALIKUWA WENGI

Ukisoma Agano Jipya utachanganyikiwa. Yupo Maria mama wa Yesu. Yupo Maria Magdalena, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitoka mji wa Magdala, kando ya Bahari ya Galilaya. Yupo Maria wa Bethania, dada yao Martha na Lazaro. Yupo Maria mke wa Klopa, na yupo Maria mama wa Yohana Marko. Haikuwa bahati mbaya. Watafiti waliohesabu majina ya Wayahudi wa Palestina wa zama zile wamekuta kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya watano alikuwa na jina hili. Ukisimama sokoni Yerusalemu ukaita Mariamu, nusu ya genge la mboga lingegeuka.

Tuje upande wa pili. Katika Kurani, sura ya 19, yenye aya 98, inaitwa Maryam. Na hapa naomba kina dada mnisikilize vizuri: katika Kurani nzima mwanamke aliyetajwa kwa jina lake mwenyewe ni mmoja tu, naye ni Bibi Mariamu. Wengine wametajwa kama mke wa fulani au mama wa fulani. Yeye ametajwa kwa jina, tena mara nyingi.

Sura ya tatu ndiyo inayoeleza alivyopata jina hilo. Mama yake alipokuwa mjamzito aliweka nadhiri kuwa atakayezaliwa atamtumikia Mungu, akitegemea atakuwa wa kiume. Akazaliwa wa kike. Mama hakurudi nyuma, akasema amemwita Maryam, akamwombea kinga kwa Mungu yeye na kizazi chake. Umeona? Aliyetoa jina ni mama mzazi, aliyetoka kujifungua muda ule ule. Hayakuwa ya wakwe wala ya mawifi. Hilo kijana wangu liweke akilini, tutalirudia.

Na jina hili limewahi kuokoa watu hapa Afrika. Mwaka 615 hivi, Waislamu wa kwanza walipokuwa wakiteswa Makka, kikundi chao kilikimbilia Uhabeshi, nchi iliyotawaliwa na mfalme Mkristo. Makuraishi wakatuma wajumbe ili warudishwe. Mfalme, ambaye historia ya Kiislamu inamwita Najashi, akawaita wakimbizi wajieleze. Jaafar bin Abi Talib akasimama akasoma mwanzo wa Sura Maryam. Masimulizi yanasema mfalme alilia hadi ndevu zikalowa, na wale wageni hakuwatoa. Yaani Mwislamu na Mkristo walisimama mbele ya jina hili wakaelewana, na wakati ule hata Kiswahili hakijaandikwa bado!

UTHIBITISHO

Sasa twende kwenye hoja zenyewe za bibi zetu wawili.

Bibi wa Moshi anasema Mariamu ni jina la msikitini. Mama, kwa heshima zote, muombe jirani yako Mlutheri akuazime Biblia yake, ile ya Union Version inayotumika sana katika makanisa ya Kiprotestanti. Fungua Luka sura ya kwanza, pale malaika Gabrieli anapotumwa Nazareti. Tazama jina la yule bikira limeandikwaje. Limeandikwa Mariamu. Siyo Maria, ni Mariamu, pamoja na u yake ya pwani! Hata yule Magdalena humo ndani ni Mariamu. Waliotafsiri Biblia hiyo waliwakuta Waswahili wanalo jina hilo tayari, hawakuona sababu ya kuleta jingine.

Bibi wa Tanga naye anasema Maria ni jina la kanisani. Shikamoo bibi. Wewe unamjua vizuri Bi Mariya wa Misri, mwanamke wa Kikopti aliyeletwa Madina akaingia nyumbani kwa Mtume Muhammad (S.A.W.), akamzalia mtoto wa kiume, Ibrahim, aliyefariki akiwa bado mdogo. Jina lake halikuwa Maryam. Lilikuwa Mariya, jina la Wakristo wa Misri, na alifariki na kuzikwa nalo Madina. Hakuna aliyemtaka alibadili.

Kwa hiyo, jina la msikitini limo katika Biblia, na jina la kanisani limo nyumbani kwa Mtume. Ni kweli dini hizi mbili hazisemi jambo moja kuhusu mtoto wa Bibi Mariamu, na safu hii haina ubavu wa kuamua hilo. Lakini kuhusu mama mwenyewe, kila upande unamheshimu kupita kiasi. Sasa ugomvi wa nini?

LIMETEMBEA DUNIA NZIMA

Kwa wale wapenzi wa kuwapa watoto majina ya kisasa, hebu tazameni jina hili lilivyojigeuza.

Waingereza wanasema Mary, na kwa utani wa nyumbani humwita Molly au Polly. Wafaransa ni Marie. Wairish wanaye Maureen na Moira, wote wawili ni watoto wa jina hili hili. Tena Wairish wana adabu yao: tamko la Muire wameliweka kwa Bikira Maria peke yake, binadamu wa kawaida anaitwa Máire. Warusi humwita Maria wao Masha, na yule mcheza tenisi Maria Sharapova, aliyetwaa Wimbledon mwaka 2004 akiwa na miaka 17, nyumbani ni Masha. Waturuki wanasema Meryem. Wahausa wa Nigeria wana Mairo. Senegal wana Mariama, kama mwandishi Mariama Bâ, ambaye kitabu chake cha mwaka 1979 kinasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii.

Wenyeji wa visiwa vya Hawaii hawana r katika lugha yao, kwa hiyo Maria wao ni Malia. Ndilo jina alilopewa binti mkubwa wa Barack Obama, aliyezaliwa mwaka 1998. Basi wewe unayemcheka bibi yako wa kijijini anapoita Malia njoo ule, ujue bibi anaongea Kihawaii bila kupanda ndege.

Wahispania ndio kiboko. Wao humpa mtoto jina la Maria pamoja na sifa yake, halafu baadaye huidondosha Maria inabaki sifa. Dolores ni Maria wa maumivu. Pilar ni Maria wa nguzo. Mercedes ni Maria wa rehema. Ndiyo, Mercedes hiyo hiyo! Mfanyabiashara mmoja wa magari aitwaye Emil Jellinek alikuwa na binti aliyeitwa Mercédès kwa jina la kubembeleza, akayapachika magari jina hilo. Likasajiliwa rasmi kuwa jina la biashara mwaka 1902. Kwa hiyo bosi anayepita na Benzi yake akiturushia maji ya dimbwi, juu ya gari lake ameandika jina la Bibi Mariamu.

Hata wanaume wamo. Ethiopia jina la Haile Mariam maana yake ni nguvu ya Mariamu. Alilibeba Mengistu Haile Mariam, aliyeng'olewa madarakani mwaka 1991, na Hailemariam Desalegn, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2018. Kenya walikuwa na mbunge machachari, Jean-Marie Seroney, aliyewekwa kizuizini mwaka 1975 kwa ajili ya ulimi wake. Washikaji, msicheke. Marie ile ni Maria.

Na wenye jina hili siyo watu wa kubabaisha. Mama Maria Nyerere alifunga ndoa na Mwalimu mwaka 1953, wakati kazi ya siasa ilikuwa haina mshahara wala ulinzi. Miriam Makeba alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1932, akafungiwa mlango wa kwao, akazunguka dunia na sauti yake hadi alipofariki mwaka 2008. Marie Curie, ambaye kwao Poland alikuwa Maria, alipata Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 na 1911. Maryam Mirzakhani wa Iran alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata Medali ya Fields ya hisabati, mwaka 2014. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 40 tu. Mmoja Maria, mwingine Maryam, na wote wawili wametoa jasho kwa namba.

SASA WEWE KIJANA

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, mrudie mkeo. Umeniandikia kurasa nne na ndani yake umeeleza anachotaka mama yako, anachotaka mama mkwe wako, na hata anachotaka mjomba. Sijaona mahali ulipoandika mkeo anataka mtoto aitweje. Aliyebeba mimba miezi tisa ndiye aliyesahaulika. Yule mama katika Kurani alitaja jina mwenyewe. Basi na wewe muulize wa kwako, tena muulize mkiwa wawili, siyo mbele ya wazee.

Pili, mkishachagua, Mariamu au Maria, chagueni mwandiko mmoja na muushike kama msumari. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia baadaye. Kadi ya kliniki inasema Maria, cheti cha darasa la saba kinasema Mariam, cha kidato cha nne Mariamu, na kitambulisho cha taifa kinasema Mary. Siku anataka pasipoti au mirathi ya baba yake, anaambiwa hao ni watu wanne. Anaanza kuhangaika na hati za viapo, anapoteza hela na muda, na pengine kazi yenyewe imeshachukuliwa. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90. Wewe umeshakula siku 11 na posta imekula nyingine. Usisubiri wazee wapatane ndipo uende.

Tatu, jina la cheti ni moja, lakini mdomo wa bibi hauna mpaka. Wa Tanga amwite Mariamu, wa Moshi amwite Maria, mtoto ataitika kotekote. Watoto hawana shida. Wenye shida ni sisi.

Na nne, huyo mama mkwe aliyeondoka bila kuaga, usimpigie simu. Panda basi umfuate. Nenda na mkeo na mtoto akishapata nguvu ya safari, umwambie: mama, tumekuletea wajina wako. Halafu umalizie kwa kumweleza kuwa kule Tanga alikuwepo bibi mwingine, marehemu sasa, aliyebeba jina hilo hilo maisha yake yote. Mtoto huyu amerithi wanawake wawili kwa mkupuo mmoja. Wangapi wana bahati hiyo?

Nikipata habari kuwa mtoto ameshapata jina nitawaambia wasomaji. Kama nawe una jina linalokusumbua, iwe umepewa la shangazi usiyempenda au umejipachika mwenyewe ukubwani, niandikie. Wiki ijayo tutamkamata Yohana na kuona ilikuwaje akawa John huku, Yahya kule, na Ivan kwa Warusi. Nadhani umeshaanza kubashiri nitakachosema.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.